Magunia Tisini Ghorofani

Funguo za Jumba la Mapindo nilizikabidhi Ijumaa iliyopita. Aliyezipokea ni Editha, kijana hodari niliyemfundisha mwenyewe, naye akazitia mkobani bila kuzihesabu. Nikamwomba azitoe. Tukahesabu pamoja, tukahesabu tena, na mara ya pili ukaonekana ufunguo mmoja zaidi, kwa sababu ule mwembamba wa dari una tabia ya kujificha nyuma ya ule wa geti. Editha akaniangalia kama mtu aliyeona mazingaombwe.

"Mama Tena," akasema, "hayo mengine unayoyajua uyaandike kabla hujatulia huko nyumbani ukayasahau."

Basi naandika. Mama Tena ni mimi. Jina la kuzaliwa ni Chausiku, lakini mtu ukishazoea kusema "hesabu tena" kwa wauza misumari, wapaka chokaa na wenye viti vya kukodi, watu hukubatiza upya bila kukuita kanisani. Vyeo na mshahara siviandiki. Vyeo vilikuwa vichache na mshahara mnaujua.

Kwa ambao hawajafika: ukitoka stesheni ya Tabora kwa bajaji, mwambie dereva "Mapindo", hatauliza swali la pili. Bei atakuongezea, mkatalie. Utaona kwanza kuta za mbele, zimepanda juu ya paa zikajikunja huku na huku kama pindo la kanga kwenye upepo. Madirisha yamezungukwa na matunda ya plasta, zabibu tele, tunda ambalo aliyelichonga hakulipata hapa sokoni. Juu ya mlango mkuu kuna nyuso mbili za watoto wanene wenye mabawa, mashavu yamejaa kama wanapuliza chai ya moto. Ngazi za nje ni mbili, moja inatoka kushoto na nyingine kulia, zikakutana mlangoni, kana kwamba mwenye nyumba alitarajia wageni wasiosalimiana. Wataalamu huuita mtindo huo baroko. Bibi mmoja wa mtaa wa Chemchem aliyekuwa akituletea maziwa aliueleza kwa namna yake: nyumba iliyosukwa nywele.

Mimi nilifika pale mara ya kwanza na mafagio ya kuuza, nimeyafunga nyuma ya baiskeli ya kukodi. Mtunza jumba wakati huo alikuwa Mzee Malunde, mrefu, mkimya, mwenye koti la kaki hata jua la Oktoba likiwaka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mafagio hayo yatadumu?"

"Yatadumu kuliko nyumba yenyewe."

Akatazama juu, kwenye wale watoto wa plasta, kisha akanitazama mimi. "Binti, nyumba hii imeshawaaga wenye nyumba kadhaa. Punguza bei."

Sikupunguza. Nilimwongezea kamba niliyofungia, nikaisifu kamba ile mpaka akanunua mafagio yote ili aipate. Nilipokuwa napanda baiskeli akaniita. "Kesho usije kuuza. Njoo uninunulie. Hapa kila anayetuuzia kitu anaondoka anacheka." Ndivyo nilivyoajiriwa, na tangu siku hiyo aliyetuuzia kitu aliondoka anajikuna kichwa.

Siku ya kwanza ya kazi alinizungusha jumba zima. Alinipeleka chini, akasogeza kabati, nikaona nyuma yake udongo mwekundu uliokandwa, ukuta mnene kuliko urefu wa mkono wangu. "Hili ni tembe," akasema. "Mwarabu wa misafara alilijenga. Mzungu akaja akalivika nywele hizi zote." Yaani chini ya msuko kuna kichwa cha zamani zaidi. Vyumba hivyo vya chini vilipokea mizigo ya njia ya misafara, pembe za ndovu zikienda pwani, vitambaa na shanga na nyaya za shaba zikija bara, na Wanyamwezi ndio waliobeba, mabegani, miezi kwa miezi. Watu waliofungwa nao walipitishwa hapo. Mzee Malunde alivua kofia kila alipoingia chumba cha mwisho, wala hakueleza zaidi, nami nikajifunza kunyamaza pale, mimi ambaye sinyamazi.

Mjerumani ndiye aliyeongeza ghorofa, ukumbi wa kucheza dansi wenye sakafu ya mbao za mninga na boriti nene zinazotoka ukuta hadi ukuta. Waingereza wakaufanya klabu. Baada ya Uhuru zikaja ofisi, na ukumbi wa dansi ukajaa mataipu. Nilipoajiriwa mimi, mataipu ndiyo yaliyokuwa yakicheza dansi humo, na sakafu ilizoea.

Sasa sikilizeni vifaa vya kazi, maana naona mnapenda kununua vipya. Mzee Malunde alikuwa na vitatu tu: timazi, kurunzi na bisibisi refu. Timazi ni kwa ajili ya ukuta unaodai umesimama wima. Kurunzi unaiweka ubavuni mwa ukuta, usiuelekezee mwanga usoni, ndipo uvimbe unaonekana. Bisibisi ni kwa ajili ya boriti. Boriti haikaguliwi kwa macho, mchwa ni waungwana mno, hula ndani wakakuachia rangi ya nje ukiwa na furaha yako. Unachoma na bisibisi. Likigoma, mshukuru Mungu. Likizama, kaa chini kwanza kabla hujamwita mtu.

Akanifundisha pia kuisikiliza sakafu. Mbao za mninga hulia kiangazi kwa sababu zimekauka, na masika hunyamaza. Ubao unaolia masika ndio una shida. Mnaweza kuurekodi kwa simu zenu, sikatai, lakini lazima muwe mmeusikia mwaka mzima.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, nikichagua moja nachagua ya asali. Mwaka mmoja wa joto kali, mtoto wa plasta wa kulia alianza kutokwa na machozi. Machozi ya kahawia, mazito, yakishuka shavuni hadi kidevuni. Karani mmoja alikimbia, mwingine akaanza sala, na kufikia saa nne nje kulikuwa na umati na muuza ubuyu tayari amepanga bidhaa. Mimi nikapanda ngazi, nikagusa kwa kidole, nikalamba. Asali! Ya nyuki wa msituni kabisa, wamejenga nyuma ya kichwa cha mtoto, masega yameyeyuka. Nilishuka nikilamba kidole. Tukamwita mfuga nyuki kutoka Sikonge, akaomba alipwe. Nikamwambia, "Kaka, asali yote yako, nta yangu." Akadhani amenipata. Nta ile ilitung'arishia sakafu ya ukumbi misimu miwili, na ukiingia humo mchana wa joto hadi leo pananukia kama mzinga. Mtoto wa kulia bado ana doa shavuni. Msilipake chokaa, tafadhali. Wageni hulipiga picha.

Ofisi zilipohamia majengo mapya, jumba likakaa miaka limefungwa. Mzee Malunde alistaafu, baadaye akafariki kwao Urambo, na mimi nikabaki na funguo, popo na bisibisi. Kisha miaka hii ya karibuni wenye jengo wakakubali lifunguliwe tena, na hapo ndipo nilipozaliwa upya, nawaambia kweli. Chumba cha mashariki kikapata darasa la ushonaji, wasichana wanapiga cherehani na kucheka kutwa. Kingine kikawa maktaba. Chini, kwenye tembe, tukaweka vitu vya njia ya misafara, na kile chumba cha mwisho tukakiacha kitupu chenye benchi moja. Ghorofani ukumbi wa dansi ukarudia dansi: harusi, mahafali, mazoezi ya kwaya za Wakatoliki wiki hii na za Wamoraviani wiki ijayo. Harusi ndizo zilizolisha vyote vingine. Bila ukumbi wa juu hakuna cherehani, hakuna maktaba.

Ndiyo sababu sikupata usingizi wa mchana wowote baada ya ile harusi ambayo glasi zilitembea zenyewe juu ya meza. Muziki wa kwaito ulipokolea, boriti nne za upande wa magharibi zilikuwa zinanepa, nikaziona kwa macho yangu nikiwa chini. Nilichoma na bisibisi, likagoma. Lakini bisibisi linajua mchwa tu, halijui mzigo wa watu mia wanaoruka. Nikaripoti. Wenye jengo wakafunga ukumbi siku hiyo hiyo, wakaleta injinia, na wakasema wazi: sakafu ikipita jaribio, ukumbi unafunguliwa. Ikifeli, hawana fedha ya sakafu mpya, jumba linauzwa.

Mnunuzi hakuwa mbali. Mzee Hamdani, mfanyabiashara wa mpunga, alikuwa amekitamani kiwanja kile kwa ghala. Si mtu mbaya, ni jirani yangu wa miaka, ila akiona nyumba ya baroko anaona eneo la kugeuzia lori.

"Mama Tena," aliniambia, "hii nyumba imechoka. Tuipumzishe."

"Wewe umepumzika, Mzee Hamdani? Jana si nilikuona sokoni unagombana na mizani?"

Injinia aliyetumwa anaitwa Mwanaidi, Mzaramo wa Kisarawe, mwembamba, mpole, na anaposema jambo huwa ameshalipima. Nilimpenda tangu aliponikuta nachungulia boriti akaniomba bisibisi. Akanieleza jaribio. Tutaweka mzigo mzito juu ya ile nusu ya magharibi, mzito kuliko harusi yoyote. Chini ya boriti tutaweka geji, saa ndogo zenye sindano zinazoonyesha boriti imeshuka kiasi gani hata kama ni unene wa kucha. Mzigo utakaa hadi kesho yake. Ukiondolewa, boriti lazima zirudi karibu kabisa na zilipokuwa. Zisiporudi, zimechoka kweli. Chini aliweka nguzo za tahadhari, zikiacha nafasi ndogo, ili sakafu ikikata tamaa idakwe kabla haijatuangukia.

"Mzigo wenyewe uko wapi?" nikauliza.

"Kwa kawaida tunatumia mifuko ya mchanga. Magunia tisini ya kilo mia yangetosha. Lakini bajeti haina hata lori la mchanga, Mama."

Nikacheka. Tabora, msimu wa mavuno, mtu anakosa magunia tisini! Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Hamdani.

"Niazime magunia tisini ya mpunga, siku mbili."

"Ya nini?"

"Ya kuijaribu nyumba unayoitaka."

Akaacha kuzungusha tasbihi. "Na ikianguka na mpunga wangu?"

"Ikianguka, nyumba yako, na mpunga umeshaingia ghalani. Umeokoa usafiri."

Alicheka hadi akakohoa, mkewe akaleta maji. Kabla hajamaliza kunywa alikuwa amekubali, akaongeza na wabebaji wake wa sokoni, maana nilimwuliza kama anataka watu asiowajua wachezee mpunga wake.

Asubuhi ya jaribio nilivaa gauni la Idi. Wabebaji walifika na lori, kiongozi wao Masanja, Msukuma wa Choma kule Igunga, kifua kama mlango. Aliposikia injinia anatoka wapi, uso ukamng'aa. Mnajua utani wetu, Wanyamwezi na Wasukuma, na Wazaramo, tangu wabeba mizigo walipokuwa wakifika pwani na kuombana maji na matusi.

"Mwangaluka, mtani! Umekuja kuipima nyumba au kutupima sisi?"

"Nyumba kwanza," Mwanaidi akasema bila kutabasamu. "Ninyi mlishapimwa zamani, mkaonekana mnafaa kubeba tu."

Kundi zima likapiga kelele za furaha. Masanja akajishika moyo kama aliyechomwa. "Huyu ni wetu! Pandisheni!"

Magunia yakaanza kupanda. Wenzangu, sijui niwaeleze vipi. Nilisimama juu ya ngazi ya kushoto nikahesabu yakipita, na kati ya gunia la kumi na la ishirini moyo ukanipasuka kwa raha. Wanaume wamepanga mstari mmoja kutoka lorini, wamepita mlango wa tembe, mizigo mabegani, wanaimba. Masanja anatoa mstari, wengine wanaitikia, na kila itikio ni hatua moja, miguu yote, dum. Nyumba ile ilijengwa kwa sauti hiyo. Sidhani kama ilikuwa imeisikia tena tangu misafara ilipokoma, na nilitaka Mzee Malunde awepo, koti lake na vyote.

"Simamisha!"

Ilikuwa sauti ya Mwanaidi kutoka chini, na haikuwa sauti ya upole. Nikashuka mbio. Alikuwa amepiga magoti mbele ya geji. Sindano, badala ya kusogea polepole, ilikuwa inaruka mbele na nyuma.

"Tazama, Mama. Mzigo bado mdogo, na boriti inatikisika hivi. Wanakanyaga pamoja. Ni kama kusukuma pembea, ukisukuma kila inaporudi, kidogo kidogo inafika juu. Ile harusi yenu nayo ilikuwa hivyo hivyo, watu wanaruka kwa mdundo mmoja. Wakiendelea, watanivurugia vipimo, na wanaweza kuiumiza sakafu isiyo na kosa."

"Basi wasiimbe."

"Ndiyo. Waambie wasiimbe."

Nikawaambia. Masanja akanitazama kama nimemwambia asivute pumzi. "Mama, tukinyamaza tunausikia uzito."

"Jaribuni."

Wakajaribu. Wakapanda kimya, na mara ikawa kazi ya huzuni. Mmoja akajikwaa kwenye ngazi, gunia likamponyoka, mpunga ukamwagika hadi miguuni kwa Mzee Hamdani, ambaye alikuwa ameleta kiti chake na kukaa barazani kushuhudia. Wawili wakaanza kulaumiana. Na ajabu ni kwamba baada ya muda mfupi, bila hata mtu kufungua mdomo, wote walikuwa wanakanyaga pamoja tena. Dum. Dum. Walikuwa wanaimba kwa pumzi. Sindano ikaanza kuruka.

"Simamisha!"

Masanja akakaa juu ya gunia. "Mtani, mimi nimebeba tangu ndevu hazijaota. Mguu wangu na wa mwenzangu imezoeana kuliko mimi na mke wangu. Siwezi kuitenganisha."

Mzee Hamdani akasema kutoka barazani, kwa huruma ya kweli kabisa, "Wapumzike, Mama Tena. Tuandikiane tu mauzo."

Jamani, nilikuwa natokwa na jasho ndani ya gauni la Idi. Mwanaidi alikuwa tayari ameanza kusema jaribio liahirishwe, na kuahirisha maana yake ni wenye jengo kuchoka na kuuza. Nikawaza kama ninavyowaza sokoni: huyu anataka nini, na yule anataka nini? Injinia anataka miguu isikutane. Masanja anataka wimbo. Nani amesema wimbo lazima uwe mmoja?

"Masanja," nikasema, "kila mtu aimbe wake."

"Wake vipi?"

"Wake! Wewe imba wa kupalilia, wa kwenu Choma. Huyu kijana yuko kwaya ya Moravian, aimbe wa Pasaka. Yule pale juzi alikuwa na harusi, aimbe wa harusi. Asiyejua wimbo aimbe tangazo la dawa ya mbu. Na kwa sauti, usimsikilize mwenzako."

Masanja akamgeukia Mwanaidi. "Mtani, hii inaruhusiwa na vitabu vyako?"

Mwanaidi alikuwa anauma mdomo asicheke. "Vitabu vinataka msikanyage pamoja. Havijakataza kelele."

Sijawahi kusikia kitu kama kile. Kumi na wawili, nyimbo kumi na mbili. Kanisa la Pasaka likapishana na jembe la Igunga kwenye ngazi, bi harusi akafuata, nyuma yake mtu anatangaza dawa ya mbu kwa sauti kama ya redioni. Wasichana wa cherehani wakatoka, wakaanguka wakicheka. Mwanzoni wabebaji walikuwa wanavutana, mmoja anaibiwa mdundo na jirani yake, na Masanja anapiga kelele, "Wewe! Rudi kwenye wimbo wako!" Halafu wakazoea. Miguu ikawa kama mvua juu ya bati, haina mpangilio wowote. Nikachungulia geji. Sindano ilikuwa inasogea taratibu kama sindano ya saa, bila kuruka hata mara moja.

Magunia tisini yakaingia, pamoja na lile lililomwagika tukalizoa. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Tisini.

Siku ile ilikuwa ndefu. Mwanaidi alisoma geji kila baada ya muda, akaandika. Kesho yake asubuhi wabebaji wakarudi kuyashusha, kila mtu na wimbo wake bila kuambiwa, na sasa wameshaanza kushindana nani mkali. Gunia la mwisho lilipotoka, sote tukakusanyika chini ya boriti: mimi, Masanja, wasichana wa ushonaji, na Mzee Hamdani aliyeacha kiti chake barazani. Mwanaidi akasema tuipe sakafu nafasi ya kupumua. Nadhani tuliipa nafasi hiyo kwa kutopumua sisi.

Akasogea kwenye geji ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Akafika ya nne, ile ya boriti niliyoiona ikinepa, akakaa hapo muda mrefu zaidi.

"Imerudi," akasema.

"Soma tena," nikasema.

Hakukasirika. Akasoma tena zote nne, kwa sauti, moja moja, kisha akaniita nisome mwenyewe. Zilikuwa zimerudi, zimebakiza unene wa uzi. Nilipiga kigelegele mpaka popo wa dari wakatoka mchana kweupe. Masanja alimbeba mtani wake Mzaramo begani kama gunia, akamzungusha barazani, naye akipiga kelele kwamba atamshitaki kwa wazee wa kwao alipe mbuzi.

Mwanaidi alipowekwa chini alirudi kuwa injinia. Akaandika masharti, nayo yako ukutani, msiyaondoe: idadi ya watu, spika zisiegemezwe ukutani, na muziki wa kuruka pamoja upigwe chini uani, kwenye ardhi, ambako mtakanyaga mpaka mchoke. Juu ni kwa mwendo wa maringo.

Mzee Hamdani alipanda ghorofani. Alitembea taratibu hadi katikati ya ukumbi, akapiga mguu mara moja, akatazama zile zabibu za plasta madirishani kama anaziona leo. Nilimwacha. Ukimkimbilia mtu anayefikiria, unapandisha bei.

"Mama Tena," akasema hatimaye, "binti yangu mdogo anaolewa baada ya Mfungo."

"Mashallah."

"Ukumbi uko wazi?"

"Ulikuwa unataka kuubomoa."

"Hilo lilikuwa jana."

Nikamtoza lori la chokaa na mbao za mninga kwa ajili ya ngazi ile aliyojikwaa yule mbebaji, na nikamtaka awaalike wabebaji wote, wakae meza za mbele, si kusimama jikoni. Aligomba kidogo ili kulinda heshima yake. Harusi ile ilifana. Glasi zilitulia mezani.

Hayo ndiyo ninayoyajua, Editha. Mengine yamo kwenye bisibisi, nimekuachia kwenye droo.

Ila sijaeleza Ijumaa yenyewe. Baada ya kukabidhi funguo nilitaka kutoka kimya kwa mlango wa tembe, nikamsalimie Mzee Malunde moyoni, basi. Nilipofungua nikakuta Masanja na watu wake wamejipanga ngazini kushoto na kulia, wamevaa mashati ya Jumapili. Hawakuwa na mzigo wowote. Mwanaidi naye alikuwepo, kasafiri kwa treni bila kuniambia.

"Mama, tunakusindikiza," Masanja akasema. "Tuimbe wimbo gani?"

Nikawahesabu, nikawahesabu tena. Kwa mara ya kwanza tangu nilipouza mafagio pale, sikuwa na bei ya kutaja. Masanja hakungoja. Akaanza wake wa kupalilia, wa pembeni akaanza wa Pasaka, wa harusi ukaingia, wasichana wa cherehani wakaja na wao, na dawa ya mbu ikatangazwa kwa nguvu zote. Nikapita katikati yao, taratibu, kila mguu ukikanyaga ulivyotaka, na huko nyuma nyumba nzima ilikuwa imesimama tuli.